Swali la Mjomba nililolikata kwenye vidio

Wasee, wale mmekuwa mkiniuliza mbona ile vidio ya matairi haionekani tena kwa ukurasa wangu, leo nawajibu. Haikuondolewa na mtandao. Hakuna mtu alinitisha. Niliifuta mwenyewe saa tano usiku, nikiwa kwa bibi yangu huko Kwale, na tairi moja kati ya yale mliyoyaona liko uani hapo nje. Kuku wamelifanya kiota.

Kwa ambao hamkuiona: ilikuwa dakika moja na kidogo, muziki mzuri, droni inapita juu ya maji ya buluu. Wafanyakazi wa kampuni fulani wamevaa fulana za kufanana, wanashusha matairi yaliyopakwa rangi nyeupe kutoka kwa boti. Kwenye kila tairi kumefungwa vipande vya matumbawe kwa zile kamba ndogo za plastiki za kukazia nyaya za umeme. Sauti yangu inasema, "Leo tunairudishia bahari nyumba yake." Watu laki mbili na kitu waliiangalia. Mimi nikalipwa. Sitawaficha pesa yenyewe ilienda wapi: kodi ya miezi mitatu, na karo ya ndugu yangu mdogo muhula mmoja. Kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilikataa kupatikana, hiyo si pesa ya kuchezea.

Lakini kuna sekunde nane ambazo hamkuziona, kwa sababu nilizikata.

Mjomba wangu ni mvuvi. Yeye ndiye aliyeombwa awaonyeshe mahali pa kushushia. Kwenye vidio anaonekana nyuma, amevaa kofia yake, hasemi kitu. Ukweli ni kwamba alisema. Alishika kamba ya nailoni iliyounganisha yale matairi, akaivuta kidogo, akauliza: "Na hii itashika kusi ikija?"

Hakuna aliyemjibu. Msimamizi alicheka tu, akasema mzee ana utani. Nilipokuwa nikikata vidio usiku ule nililisikia lile swali mara nne, mara tano. Nikaona linaharibu mwendo wa muziki. Nikalitoa.

Hiyo ilikuwa Februari 2022, wakati wa kaskazi, bahari imetulia kama maji ya karai. Mwezi wa saba Mjomba akanipigia simu. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

"Mwanangu, yale matairi yenu yametembea."

"Yametembea vipi, Mjomba?"

"Njoo uone mwenyewe. Uje na ile kamera."

Nilienda, ila kamera sikuitoa. Tulisubiri siku ambayo maji yalikuwa safi kidogo, tukaingia na mashua hadi nje ya mwamba. Nikavaa miwani ya kupigia mbizi nikainamisha kichwa. Kamba ya nailoni ilikuwa imekatika, na matairi yakaanza kubiringika kila mawimbi yalipokuja. Yalikuwa yamepita juu ya matumbawe ya kweli, yale ambayo yalikuwepo kabla sisi hatujafika na fulana zetu. Kuna tumbawe moja la matawi, pana kama meza ya chakula, lilikuwa limevunjika kama sahani zilizoanguka jikoni. Vile vipande tulivyofunga kwenye matairi, vingi havikuwepo. Zile kamba za plastiki tu ndizo zilibaki, nyeupe, zimekaza hewa.

Mjomba alikuwa amevua matairi kumi na moja peke yake. Mengine yalikuwa yamechana wavu wake. Moja alilipeleka kwa bibi, akaniambia, "Hilo ni lako. Tumekuletea."

Si sisi wa kwanza

Nilirudi mjini nikaanza kusoma. Kumbe kosa letu ni la zamani kuliko mama yangu. Mwaka 1972, karibu na Fort Lauderdale, Florida, watu walianza kumwaga matairi baharini ili kutengeneza mwamba bandia. Kwa jumla yalifika kama milioni mbili. Mpango ulionekana safi kabisa: takataka zinapungua nchi kavu, samaki wanapata nyumba. Kulikuwa hata na sherehe. Ndege ya puto ya kampuni ya matairi ilidondosha tairi moja lililopakwa rangi ya dhahabu.

Nilipofika hapo kwa rangi ya dhahabu nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Sisi tulipaka nyeupe.

Vifungo vya Florida viliisha nguvu, vyuma vikala kutu, matairi yakatawanyika na dhoruba. Matumbawe karibu hayakuota juu yake, na matairi yaliyokuwa yakitembea yakagonga mwamba wa asili uliokuwa jirani. Kuanzia mwaka 2007 wapiga mbizi wa jeshi la Marekani walitumwa kuyatoa, tairi moja moja, na kazi ikaendelea miaka mingi. Yaani, kuharibu kulikuwa rahisi na kulipigwa picha. Kusafisha ndiko kulihitaji jeshi.

Sababu si siri. Tairi ndani ya maji ni jepesi, halitulii. Linapinda. Lina zinki na kemikali nyingine ambazo zinavuja polepole. Na tumbawe si jiwe wala mmea, ni mnyama. Mnyama mdogo laini anayejijengea kikombe cha chokaa, halafu mwingine pembeni yake, halafu mwingine, miaka na miaka, mpaka unapata mwamba. Mtoto wake huelea majini akitafuta mahali pa kutua. Anataka mahali pagumu, pasipotikisika, penye mikwaruzo, na hasa palipoanza kuota ule mwani wa rangi ya waridi unaoshika jiwe kama rangi ya ukuta. Akishatua hahami tena. Sasa mtu wa namna hiyo wewe unampa nyumba inayobiringika.

Nyumba ya bibi

Nyumba ya bibi imejengwa kwa matumbawe. Si fumbo, ni kuta zenyewe. Ukikwaruza plasta mahali ilipobanduka unaona vishimo vidogo vidogo vya wale wanyama niliowaeleza. Pwani yetu ndivyo ilivyojengwa. Lamu, Gede, Mji wa Kale wa Mombasa. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa mawe ya matumbawe. Na chokaa ya kushikanisha mawe ilikuwa matumbawe pia: unapanga kuni, unapanga mawe juu, unachoma tanuri, yakishaiva unayamwagia maji yanakuwa unga mweupe, unachanganya na mchanga.

Bibi alikuwa ameketi barazani akichambua mchicha siku niliporudi na Mjomba kutoka baharini. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akagonga ukuta kwa mgongo wa mkono.

"Bahari imetupa nyumba," akasema, "nyinyi mwaipa mpira?"

Basi. Akaendelea na mchicha wake.

Hilo neno lilinikaa kichwani kwa sababu nyingine. Nilichokuwa nikisomea chuoni ni uhandisi wa ujenzi. Nilisoma semista tatu tu, lakini konkriti niliisoma, na niliipenda. Na nikakumbuka kitu ambacho mtoto wa Mombasa anakijua bila kukifikiria: kiwanda cha simiti cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, kilikuwa kikichimba matumbawe. Matumbawe ya zamani sana, ya zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko sasa. Zile bustani za Haller Park tulizopelekwa na shule kuangalia twiga na viboko ni shimo la machimbo hayo, lililoanza kupandwa mivinje mwaka 1971.

Kwa hivyo simiti ya Pwani ni mwamba wa zamani uliosagwa na kuchomwa. Tukiirudisha baharini, si tunarudisha kitu kwao?

Nilifurahi na hiyo hoja kama siku mbili hivi. Halafu nikafungua daftari zangu za chuo.

Simiti si malaika

Kwanza moto. Ili upate simiti unachoma mawe ya chokaa na udongo kwa joto la karibu nyuzi 1,450. Unachoma mafuta au makaa, na juu ya hapo jiwe lenyewe likiungua linaachilia kaboni dioksaidi iliyokuwa imefungwa ndani yake. Kwa dunia nzima, simiti inachangia karibu asilimia 8 ya kaboni dioksaidi tunayotoa. Na kinachoua matumbawe kwa wingi ni joto la bahari, ambalo linaletwa na hewa hiyo hiyo. Yaani unaweza kumjengea mtu nyumba kwa moto unaomchoma.

Pili, konkriti mbichi ni kali. Kuna kipimo cha pH. Maji ya bahari yako kama 8.1. Konkriti mpya iko 12 na zaidi, na kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, si moja. Mtoto wa tumbawe akigusa hapo ni kama wewe kutembea peku juu ya sabuni ya magadi. Ndiyo maana blogi mpya hukaa muda mrefu zikiwa hazina kitu, au zinashikwa kwanza na mwani wa kijani ambao hauna shida na ukali huo.

Dawa zipo, na nyingine ziko hapa hapa nyumbani. Ukipunguza simiti safi na kuweka majivu ya volkano, ukali unapungua na kaboni inapungua. Kenya tuna majivu hayo, na ule mfuko wa kawaida wa 32.5 mnaoununua kwa hadwea mara nyingi tayari umechanganywa nayo. Ukiloweka blogi kwa wiki kadhaa ukibadilisha maji, ule ukali wa juu unatoka. Ukiweka makombe ya chaza yaliyopondwa badala ya sehemu ya kokoto, unapata uso wenye mikwaruzo na chokaa.

Na simiti si njia pekee. Hong Kong kuna watu kutoka chuo kikuu walichapisha vigae vya udongo wa kuchoma kwa mashine ya kuchapisha vitu, vyenye mikunjo kama ubongo, wakaviweka Hoi Ha Wan mwaka 2020. Udongo wa kuchoma haugombani na maji ya bahari, na joto lake la kuchoma ni la chini kuliko la simiti. Huku kwetu Shimoni na Mkwiro, mradi wa REEFolution umewahi kutumia chupa za glasi zilizosimamishwa kwenye simiti, tumbawe linapandwa kichwani mwa chupa. Glasi asili yake ni mchanga. Huko Sulawesi, Indonesia, mahali ambapo baruti za wavuvi ziliacha kifusi kitupu, walitandaza fremu za chuma zilizopakwa mchanga, zikaunganishwa kama wavu mkubwa juu ya kifusi ili kisitembee. Utafiti uliotoka mwaka 2024 ulipima ukakuta ndani ya miaka minne matumbawe ya hapo yalikuwa yakikua kwa kasi sawa na mwamba wenye afya, ingawa aina zake hazikuwa nyingi kama za asili.

Halafu kuna kamba. Hili ndilo linanichekesha na kunitia aibu. Sisi ndio nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Tangu Juni 2020 huruhusiwi kuingia na chupa ya plastiki ya kutupa kwenye hifadhi zetu, za bahari zikiwemo. Na mimi nikapeleka mamia ya kamba za plastiki chini ya maji kwa jina la mazingira. Wakati Vipingo, ukipita na matatu kwenda Kilifi, unaona mkonge mashamba na mashamba. Kamba ya katani huoza baharini baada ya muda, na huo ndio uzuri wake. Kipande cha tumbawe kikitulia huanza kujishika chenyewe. Kamba inatakiwa kushikilia mpaka hapo tu, halafu iondoke.

Maswali matatu

Sasa mtu akiniambia "hii ni rafiki wa mazingira" huwa namuuliza mambo matatu.

Inatoka wapi? Yaani nini kilichomwa, kilichimbwa au kusafirishwa ili ifike hapa. Kitu kinachosifiwa kuokoa bahari ya Kwale halafu kimeletwa kwa meli kutoka upande wa pili wa dunia, na kuna udongo na katani hapa hapa, mimi nakishuku.

Ikivunjika inakuwa nini? Kwa sababu itavunjika. Kila kitu baharini huvunjika. Udongo unakuwa udongo, chokaa inakuwa mchanga, katani inaoza. Plastiki inakuwa plastiki ndogo zaidi.

Na la tatu: itashika kusi ikija?

Hilo si langu. Ni la Mjomba, na sikuhitaji semista tatu kulipata. Lilikuwa kwenye simu yangu tayari.

Blogi ishirini na nne

Baada ya hapo niliwaomba Mjomba na vijana wa kijijini tujaribu kidogo kidogo. Na nisiwadanganye, sehemu ngumu haikuwa kuchanganya simiti. Huwezi kuangusha kitu baharini kwa sababu una nia njema. Kuna kamati ya ufuo, ile BMU, lazima ikae na ikubali. Kuna NEMA. Kama ni ndani ya hifadhi kuna KWS. Kuna watafiti wa KMFRI, ambao wamefanya kazi hii na watu wa Wasini kabla yetu, na ambao wanaweza kukuambia mahali fulani hapahitaji blogi zako kabisa. Tulizungushwa zaidi ya mwaka. Nilichoka, nikalalamika. Halafu nikajiuliza wale wenye matairi walipitia wapi hata ikawa wiki mbili tu. Sikuuliza wakati ule. Nilikuwa nahesabu malipo.

Blogi tatu za kwanza zilipasuka. Niliweka makombe mengi mno, nikataka zionekane asili kwenye picha. Fundi mmoja wa kijijini akaniambia, "Dada, hiyo si konkriti, hiyo ni biriani." Tukapunguza. Nilizichora za mraba, Mjomba akakataa: "Ukiweka ubapa namna hii, maji yatausukuma. Yatoboe, maji yapite." Akatoboa kwa kipande cha mgomba, tundu kubwa kwa tewa, dogo kwa pweza, na mgomba ukaoza ndani tukautoa kwa kijiti. Tukaziloweka kwenye mapipa, nikawa napima maji kwa vile vikaratasi vya rangi kila Jumamosi. Novemba 2023 tukashusha blogi ishirini na nne. Hakukuwa na fulana. Hakukuwa na droni. Vipande tulivyofunga vilikuwa vile vilivyokuwa vimeshavunjika na kulala mchangani, tukavifunga kwa katani.

Najua hapa mnategemea niwaambie ikawa bustani.

Miezi mitano baadaye bahari ilichemka. Mwaka 2024 mapema, matumbawe ya Bahari ya Hindi upande huu yalipauka, na Kenya ikiwemo. Aprili wanasayansi wakatangaza kuwa ni mpauko wa nne wa dunia nzima. Tumbawe likizidiwa na joto linafukuza vijimea vinavyoishi ndani yake na kulilisha, linabaki jeupe. Likikaa hivyo muda mrefu linakufa njaa. Mwaka 1998, kabla mimi sijazaliwa, hali kama hiyo iliua karibu asilimia 16 ya matumbawe ya dunia, na Pwani yetu ilipigwa vibaya sana. Mjomba anaukumbuka mwaka ule. Anasema ilikuwa kama mtu amemwaga chokaa chini.

Vipande vyetu vingi vilikufa. Blogi hazikusogea hata inchi, kusi ilikuja ikapita, swali la tatu tulilifaulu. Lakini hakuna blogi ya kuzuia joto. Nilikaa kwa mashua nikalia, Mjomba akijifanya anatengeneza ndoano.

Halafu akaniita niangalie tena. Pembeni ya blogi moja, ndani ya lile tundu, mahali penye kivuli, ule mwani wa waridi ulikuwa umeanza. Kulikuwa na samaki wadogo. Na vipande kama sita hivi havikupauka kabisa. Sijui nivisifu vipi bila kuwadanganya. Sita kati ya vingi. Lakini hivyo sita tumeviweka alama, kwa sababu vilivyostahimili joto ndivyo vya kukatia mbegu.

Kwa hivyo, wale mnaoniuliza kama vifaa vizuri vitaokoa matumbawe, jibu ni hapana, si vyenyewe peke yake. Kama maji yanazidi kupata moto, kama wavu haramu unapita kila usiku, kama maji machafu yanaingia, unaweza kuweka kigae cha dhahabu na hakitaota kitu. Kuruwitu huko Kilifi walianza karibu miaka ishirini iliyopita kwa kitu rahisi zaidi: walifunga eneo lao wenyewe, wakaacha kuvua hapo, samaki wakarudi. Kifaa kizuri kinanunua muda tu. Kifaa kibaya kinauiba.

Barua pepe

Sasa mbona nimefuta vidio leo na si 2022? Kwa sababu ya aibu, hiyo ni moja. Ilikuwa ndiyo vidio yangu kubwa zaidi, na kila mdhamini mpya alikuwa anaingilia hapo. Nilikuwa najiambia imeshapita, watu wamesahau.

Wiki iliyopita kampuni nyingine ikaniandikia. Wanataka siku ya mazingira, ufuo mwingine, mwezi ujao. Wameniwekea kiungo cha vidio ile ile: "Tunataka kitu kama hiki." Na malipo ni zaidi ya mara mbili ya yale ya kwanza. Ndugu yangu yuko kidato cha nne. Kodi yangu mnaijua.

Niliisoma hiyo barua nikiwa kwa bibi, usiku, na nikatoka nje kupata mtandao wa kujibu, nikajikwaa kwa lile tairi. Wallahi si hadithi, bado nina alama kwenye goti.

Niliwajibu kwa heshima. Nikasema niko tayari, kwa bei nusu ya walizosema, kama watanijibu maswali matatu kuhusu wanachotaka kushusha, na kama mvuvi wa mahali hapo atapewa nafasi ya kuongea kwenye vidio bila kukatwa. Wamesoma. Bado hawajajibu, na pengine hawatajibu. Pengine watampata mwenzangu mwenye droni nzuri kuliko yangu, na kama ni wewe unayesoma hapa, sikulaumu, najua njaa. Ila uliza kwanza hicho kitu kinatoka wapi, kikivunjika kinakuwa nini, na kama kitashika.

Vidio ya matairi nimeifuta, lakini ile rekodi yote bado ninayo. Leo nimepandisha sekunde nane tu. Haina muziki. Ni mzee ameshika kamba, anaivuta, anauliza swali, na watu wote tunaangalia upande mwingine. Mimi ndiye wa kushoto, mwenye kamera.